Kamba ya Kuongoza, Si ya Kuvuta

Kuna neno moja la huruma ambalo sisi wa Kibiti na Delta tumelizoea mno, nalo ni hili: "Muache akae, maskini." Husemwa juu ya kipofu, husemwa juu ya aliyekatwa mguu, husemwa juu ya mtoto aliyezaliwa na mkono mfupi. Siku ya michezo wenzake wakiingia uwanjani, yeye huwekewa kiti kivulini na kupewa soda. Wanaompa soda hiyo ni watu wema, na baadhi yao ni wanachama wenzetu. Hata hivyo twasema bila kuficha kwamba kiti hicho kimewanyima ndugu zetu kitu ambacho hakuna awezaye kumpa mwenzake kwa sadaka, yaani furaha ya kujiwekea umbali, kuukimbia na kuumaliza.

Tuanze na jirani zetu wa Kenya. Henry Wanyoike alizaliwa mwaka 1974 huko Kikuyu, karibu na Nairobi, akakua akiwa mkimbiaji. Mwaka 1995 alilala akiwa na macho mazima, akaamka asubuhi karibu haoni kitu. Kiharusi kilikuwa kimempitia usingizini. Kwa muda mrefu alikata tamaa. Alifundishwa kufuma masweta apate riziki, na kazi hiyo hatuidharau, maana mtu lazima ale. Lakini riziki ni jambo moja, na kiu ya mkimbiaji ni jambo jingine. Akarudi barabarani, safari hii mkono wake umeunganishwa kwa kamba fupi na mkono wa mwenzake anayeona.

Wengi hawaijui sheria ya kamba hiyo, nayo yafaa ijulikane. Kiongozi humwambia mkimbiaji kona iko wapi, wapi pana mwinuko, nani yuko mbele na nani anakuja nyuma. Haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma. Tena wakifika mwisho haruhusiwi kutangulia kuvuka mstari. Asiyeona ndiye avuke kwanza. Msaada upo, na bila huo mbio haziwezekani, lakini mwenye mbio ni mmoja tu.

Sasa tazameni yaliyotokea Sydney mwaka 2000, katika mita 5,000 za wasioona. Kiongozi wa Wanyoike alikuwa mgonjwa, na nguvu zikamwishia kabla mbio hazijaisha. Ndipo Wanyoike, ambaye haoni, alipomkokota yule mwenye macho mpaka kwenye mstari, na dhahabu akaichukua vile vile! Yule aliyedhaniwa ni wa kushikwa mkono ndiye aliyeshika mkono wa mwenzake. Mwaka 2004 huko Athens akashinda tena, mita 5,000 na mita 10,000.

Nishani hizo ni heshima kubwa, lakini sisi latupendeza zaidi jambo la mwaka 2005. Mwezi wa Aprili alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 51. Wiki moja baadaye, miguu haijapoa, akasimama tena Hamburg, Ujerumani, akamaliza kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31. Alijipunguzia dakika 1 na sekunde 20. Mbele yake walipita wengi wenye macho, nao hawakumhusu. Aliyekuwa akishindana naye siku ile ni Wanyoike wa wiki iliyotangulia.

Mtu atatuuliza: mbona mwatupeleka Kenya, sisi hatuna wetu? Tunaye John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968 huko Mexico alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa nzima Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Mpaka leo Mtanzania akitaja jina hilo hulitaja kwa fahari. Akhwari hakuwa mlemavu. Aliumia siku hiyo. Basi kama twamsifu aliyemaliza wa mwisho kwa goti bovu la siku moja, ni kwa haki gani twamwambia mwenye goti la namna hiyo siku zote za maisha yake akae kivulini?

Haki haimo katika jibu hilo. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 yataja michezo kwa jina, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kilichobaki ni chetu sisi wa vijijini.

Wako watakaosema kwamba michezo ni anasa, na kwamba mafuriko ya mwaka 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti watu walikuwa na mashaka mengine. Sisi twawajibu kwamba maji yale ndiyo yaliyotufanya tuandike. Mtu aliyezoeshwa kukaa, siku ya maji hungoja kubebwa. Wako wasioweza kabisa, na hao tuwabebe bila kuulizwa. Lakini wako wengi waliokalishwa tu, miguu yao au mikono yao ingali na nguvu ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Umbali wenyewe kila mtu ajichagulie. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 lina urefu wa mita 970. Mita 5,000 alizokimbia Wanyoike ni kulivuka mara tano na kitu, na marathoni nzima ni zaidi ya mara arobaini na tatu. (Hatumtumi mtu akakimbie darajani kati ya malori, twatoa kipimo tu.) Wa Kibiti mjini anayo lami. Wa Salale au Kiongoroni ana matope na mizizi ya mikoko, na njia yake hubadilika maji yakijaa na yakipwa. Kwake huenda safari kubwa ikawa kutoka mlangoni mpaka diko kwa magongo mawili bila kupumzika. Akifika, na jana alipumzika mara tatu, amefanya kazi ile ile ya Hamburg, na moyo wake unajua.

Kwa hiyo twaomba kila tawi litoe vijana wawili wenye kamba ya kupimia na mambo za mkoko. Wamfuate ndugu huyo kwake, wamuulize yeye mwenyewe anataka kufika wapi, wasimchagulie. Wapime njia, wachomeke mambo kila mita mia. Kipofu apewe mwenzake mwenye pumzi ya kutosha, wafundishwe sheria ya kamba. Siku atakapomaliza, soda apewe hapo, na umbali wake uandikwe katika ubao wa tawi pamoja na tarehe, ili mwezi ujao aukute umeandikwa.