Sauti Safi ni Deni la Anayerekodi

Wapo jamaa zangu hapa Nakuru, wapenzi wakubwa wa muziki, ambao hawasikilizi wimbo mpaka kwanza waulize umerekodiwa vipi. Santuri ikikwaruza huiondoa. Kanda ikivuma hukunja uso. Husema kuwa pasipo sauti safi hapana starehe. Mimi siafikiani nao, na ushahidi wangu hauko mbali.

Ukishika njia ya magharibi kutoka Nakuru, ukaipita Kericho, utafika Kapkatet. Huko, mwaka 1950, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha". Kwa maelezo ya Tracey, jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, ambaye Wakipsigis walimsikia katika santuri. Kiingereza chake hakikuwa lugha yao, na gramafoni za siku hizo zilikuwa na mkwaruzo mwingi. Hata hivyo walimpenda, wakamgeuza jina, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamtungia nyimbo zao wenyewe. Je, hiyo si starehe?

Lakini mtu asinifahamu vibaya akadhani natetea kurekodi ovyo. Tracey alikuwa mwangalifu mno: kipaza sauti alikishika mkononi, akakisogeza kuifuata sauti. Ndiyo maana leo twawasikia wasichana wale waziwazi, pamoja na ala yao ya nyuzi. Na nakala zilipokuja kurudishwa kwao, baada ya miaka zaidi ya 60, walipatikana wazee waliorekodiwa siku zile, wakajisikia wenyewe. Kanda mbovu isingaliwapa furaha hiyo.

Maoni yangu basi ni haya: sauti safi si sharti la msikilizaji, bali ni deni la anayerekodi na anayehifadhi. Sisi watu wa Pwani deni hilo latuhusu zaidi, kwani taarabu yetu ni maneno kabla ya kuwa ala. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Mkwaruzo umo, lakini ni sauti yake mwenyewe. Zilipokuja kaseti, watu walinakili nakala juu ya nakala, na kila nakala iliongeza mvumo na kumeza herufi, hata "s" na "sh" zisitengane, na fumbo likapotea. Mwenye sikio lililozoea tajwidi anajua hasara ya herufi moja.

Siku hizi nyimbo hizo zinaingizwa katika simu kutoka nakala yoyote iliyopatikana. Nawaomba wenye kanda za asili, zilizolala makabatini, wasizitupe. Zinakiliwe hizo kwanza, kisha liandikwe jina la mwimbaji, mahali na mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na jamaa zangu wa Nakuru nawaambia: fedha za spika moja mpya zingeokoa kanda nyingi za wazee wetu.