Mfuko ulipigwa marufuku, tabia ikabaki jikoni

Mtaa ninaokaa, hapa Eastlands jijini Nairobi, unaitwa Tena. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kufundisha isimu, jina kama hili halipiti masikioni bure. Kila makanga anapowaita abiria wa "Tena! Tena!", nasikia neno la kawaida la Kiswahili lenye maana ya kurudia: kula tena, kutumia tena, kutoka na kikapu kilekile tena. Lakini pita mbele ya malango ya ploti zetu asubuhi ya siku ya kuzoa taka, nawe utaona kwamba neno tunaloishi ndani yake hatulitendi. Mifuko imepangwa ukutani, imevimba, na mbwa wamekwisha kuitoboa michache. Ndani yake mna ugali, sukuma wiki iliyogeuka manjano, maganda ya viazi, pakiti za maziwa na chupa za plastiki, vyote vimekumbatiana kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Wasomaji watakumbuka jinsi serikali ya Kenya ilivyojaribu kuizuia mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2007, ikajaribu tena mwaka 2011, na mara zote mbili amri ikabaki maandishi. Amri iliyoshika ni ile iliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali mapema mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka huohuo. Adhabu yake ilitisha: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4, au vyote viwili. Hatukuwa wa kwanza katika eneo hili. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, na Tanzania Bara ikaja baadaye, tarehe 1 Juni 2019.

Hapana shaka kwamba amri ile ilifanya kazi. Mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye miti na nyaya kama matunda ya laana imepungua mno. Hata hivyo, ni muhimu tuielewe amri yenyewe. Ilikataza mifuko ya kubebea bidhaa; haikukataza plastiki inayofunga bidhaa kiwandani. Mkate huja umevaa plastiki, sukari vilevile, na maziwa mengi tunayonunua madukani pia. Fauka ya hayo, vile vijifuko vyembamba vinavyopenya nuru vingali vinaonekana vibandani, vikitolewa chini ya meza kwa mkono mwepesi.

Siku moja nilikwenda kwa mama mboga wangu na kikapu mkononi. Alipokwisha kunikatia sukuma wiki, mkono wake ulikuwa tayari umeingia chini ya meza. Nikamwambia, "Mama, tia humu humu kikapuni." Akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe ni mmoja. Wengine nisipowapa mfuko, wanakwenda kibanda cha pili." Nilirudi nyumbani nikiyatafakari maneno hayo. Sheria imemwekea mama huyu tishio la mamilioni ambayo hatayaona maishani mwake, ilhali anayemsukuma kuivunja ni mteja aliyekuja mikono mitupu. Na mteja huyo, mara nyingi, ni mimi na wewe.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tatizo halianzi kwa mfuko. Linaanza jikoni, kabla ya kwenda sokoni, na linaishia jikoni, baada ya kula. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi mtaani Gigiri, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba nyumba za Kenya hutupa kilo 99 za chakula kwa kila mtu kwa mwaka. Ripoti yake ya mwaka 2024 ilieleza kwamba dunia nzima ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na kwamba asilimia 60 ya uharibifu huo ilitokea majumbani. Tulizoea kuamini kwamba wanaotupa chakula ni matajiri wa Ulaya na Marekani. La hasha! Mtupaji yuko mezani petu.

Sikutaka kuziamini takwimu kwa sababu tu zimechapwa. Nilimwomba binti yangu aliye shule ya upili aandike, kwa juma moja, kila kitu kilichotupwa nyumbani mwetu. Orodha yake ilinitia haya. Jumatatu: ugali wa jana. Jumanne: nusu ya sukuma wiki iliyokatwa Jumamosi, na nyanya tatu zilizobondeka. Jumatano: wali, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuufunika. Alhamisi: maziwa yaliyoganda na vipande vya mwisho vya mkate. Ijumaa: parachichi mbili zilizosubiri kuiva hadi zikaoza. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Hapana budi walikuwa wakisema juu ya nafaka ghalani. Akiba ya jokofu langu huoza, tena huoza polepole, kwa siri, nyuma ya chombo kilichowekwa mbele yake.

Ikasadifu kwamba mama yangu mzazi alikuja kututembelea kutoka Pwani siku zizo hizo. Alipoisoma ile orodha, hakunihutubia. Aliuliza tu, "Mwanangu, hivi vitu havina majina?" Swali lake lilinipata mahali pangu, kwa maana majina ndiyo kazi yangu. Katika jiko alilonilelea, chakula kilicholala kiliitwa kiporo, au mwiku, nacho kilikuwa staftahi. Kilichoganda chini ya sufuria kiliitwa ukoko, na watoto walikigombania. Nazi iliyokwisha kukamuliwa tui ilibaki machicha, nayo yakawa ya kuku. Kifuu kilikuwa upawa au moto. Makumbi yaliozwa majini, yakapigwa, yakasokotwa kamba. Nafaka ilipotwangwa, wishwa ulikuwa na mlaji wake. Hata makombo ya sahani yalikuwa na mbuzi aliyeyangoja. Walimu waliokulia bara wanaweza kuongeza orodha nyingine katika lugha zao za kwanza, maana ng'ombe na mbuzi wa huko nao hawakunyimwa maganda.

Sisemi kwamba wazee wetu walikuwa malaika. Hawakuwa na plastiki ya kutupa, na wengi hawakuwa na chakula cha kuchezea. Lakini kuna jambo hapa ambalo mwanafunzi wa lugha hapaswi kulipuuza. Kila kilichobaki kilikuwa na jina lake, na kila jina lilibeba ndani yake kazi ya kitu hicho na mahali pake pa kwenda. Leo, katika nyumba zetu za Nairobi, kiporo, machicha, ganda na chupa vimepokonywa majina yao vikapewa moja tu: taka. Na kitu kikishaitwa taka hakina pengine pa kwenda ila nje.

Kiswahili kina mzaha wake juu ya neno hili. Nomino "taka" na kitenzi "kutaka" ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, yasiyohusiana kwa maana. Lakini mkutano wao una mafunzo. Kila taka iliyomo ndani ya pipa langu iliwahi kuwa kitu nilichokitaka, nikakilipia, nikakibeba hadi nyumbani.

Huko nje inakokwenda si mbali. Ni kilomita chache tu kutoka Tena hadi jaa la Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa miaka ya sabini, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na hadi leo malori yangali yanamwaga. Uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Mazingira na kutolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikutwa na kiasi cha madini ya risasi katika damu kilichofikia au kuzidi kile kinachokubalika kimataifa. Yamkini msomaji atasema kwamba sukuma wiki haina risasi. Kweli kabisa. Lakini chakula kinachooza chini ya chungu ya taka, pasipo hewa, hutoa gesi ya methani. Gesi hiyo huongeza joto la dunia kwa zaidi ya mara ishirini kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule, tena ni chakula cha moto. Moto huo ukifukuta, unaunguza vyote vilivyomo pamoja: plastiki, betri na rangi. Moshi wake hauulizi ni mtoto wa nani.

Mnamo mwaka 2022 Kenya ilipata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayotutaka tutenge taka zinazooza na zisizooza. Ni sheria njema. Hata hivyo, nilipoanza kutenga, jirani yangu alinicheka: "Daktari, unajisumbua. Lori ni moja!" Na kweli lori ni moja. Vijana wazoaji huvitupa vyote mahali pamoja. Je, kutenga ni kazi bure?

Nilidhani hivyo kwa muda, kisha nikawauliza vijana wenyewe. Mmoja alinieleza kwamba chupa safi na mtungi mkavu huvitoa pembeni na kuviuza; kilichopakwa mchuzi hakuna anunuaye. Kumbe kutenga hakungoji lori la pili. Taka zinazooza zikitoka mfukoni, zilizobaki huwa nyepesi, kavu na zenye bei, na yule azichambuaye hatii mkono katika uozo. Lakini hilo halitoi serikali ya kaunti lawamani. Sheria hiyohiyo inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kurejesha vifaa vinavyoweza kutumika, nasi tuna haki ya kuuliza vya kwetu viko wapi. Raia akitenga na serikali ikachanganya, heshima ya sheria ndiyo inayotupwa jaani.

Nakiri pia kwamba mzigo huu haulingani. Aishiye katika chumba kimoja bila jokofu hununua unga wa leo na mafuta ya leo. Hatupi chakula, bali ujira wake mdogo humlazimisha kununua vipakiti vidogo, kila kimoja na plastiki yake. Sisi wenye jokofu hununua kwa wingi, tukapunguza vipakiti, kisha tukaozesha. Kwa hiyo isiwepo hotuba moja kwa wote. Mashine za kupimia maziwa na mafuta zilizoenea madukani mitaani ni msaada mkubwa kwa mnunuzi wa kidogo kidogo, maadamu aje na chupa yake. Kwa mwenye jokofu, msaada ni kulifungua na kulitazama kabla ya kwenda sokoni.

Nyumbani kwangu tumebadilisha mambo machache tu. Mchele na unga hupimwa kwa kikombe kulingana na walaji, si kwa kukisia. Sukuma wiki hununuliwa majani mazima na kukatwa siku ya kupikwa, maana iliyokatwa hunyauka upesi. Chakula cha zamani huwekwa mbele ya jokofu, kipya nyuma. Kiporo kimerudishiwa jina lake na saa yake, yaani asubuhi pamoja na chai. Hapa nitoe tahadhari: wali usiachwe mezani usiku kucha, kwani vijidudu vyake huweza kutoa sumu isiyoondolewa na kupasha moto. Upoze mapema, uuhifadhi penye baridi. Maganda hukusanywa katika ndoo yenye kifuniko na kuchukuliwa na mfugaji wa kuku aliye jirani, na yasiyolika huoza katika gunia la udongo tunamopanda dania. Kikapu hukaa kando ya mlango, mahali ambapo huwezi kutoka bila kukigonga kwa mguu.

Sasa nazungumza na walimu wenzangu. Kwa miaka mingi tumewaandikisha wanafunzi insha juu ya "umuhimu wa kuhifadhi mazingira". Wanaandika vizuri, wanapamba kwa methali, wanapata alama, kisha wanamwaga makande yaliyobaki katika pipa moja na chupa za maji. Nawasihi mjaribu zoezi jingine. Mwanafunzi aorodheshe kila kilichotupwa nyumbani kwa juma moja. Kando ya kila kitu aandike jina lake la Kiswahili, na jina lake katika lugha ya nyumbani, akiwauliza wazee. Kisha aandike kitu hicho kilikuwa na kazi gani kabla ya kuitwa taka. Atajifunza msamiati, atajifunza kuhoji, na huenda mzazi wake akaona haya kama nilivyoona mimi.

Mama alipokuwa akiondoka, alikiona kile kikapu mlangoni. Hakukisifu. Aliuliza tu kama ndicho nilichonunua juzi. Nikamjibu kwamba sikukinunua; ni chake, alichokisahau hapa miaka mingi iliyopita, nacho sasa kinatumika tena.