Uwanja Mwekundu Si Lazima Uwe Uwanja Safi

Leo tunakuomba usimame mlangoni kwako na uutazame uwanja wa nyumba yako. Iwapo unaishi Kasulu au Kibondo, huenda utakachokiona ni udongo mwekundu uliofagiliwa mpaka ukashikana kama sakafu, na juu yake mistari ya ufagio wa asubuhi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba huo ndio usafi. Mwanamke anayeacha majani yakaota mbele ya nyumba husemwa kuwa ni mvivu. Mimi naona wakati umefika tuliseme jambo hili wazi: uwanja ulio uchi si lazima uwe safi, na katika milima yetu hii ya Buha unatuletea maradhi.

Mvua za kwetu huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, zikaendelea mpaka Aprili au Mei. Baada ya hapo, Juni mpaka Septemba, ni kiangazi. Uwanja usio na kitu hupigwa na mvua hizo miezi yote hiyo, na kwa kuwa nyumba nyingi zimejengwa kwenye miteremko, udongo wa juu huteremka nayo kwenda bondeni. Tazama nyumba za zamani. Msingi uliokuwa umefukiwa sasa uko nje, na pale palipokuwa na ngazi moja ya mlango, leo zinahitajika mbili. Ule udongo unaobaki ndio huwa vumbi la Julai na Agosti, linaloingia kwenye mitungi ya maji, kwenye vyombo, machoni na vifuani mwa watoto.

Lakini ugomvi wangu mkubwa na vumbi ni funza. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Aliletwa kwa meli iliyotoka Brazil ikafika pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amekwisha kukata bara zima kwa njia za misafara mpaka pwani ya mashariki. Kwetu amekaa hadi leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulimkuta kwa wingi katika vijiji vya wilaya ya Kasulu. Funza jike akishaingia kwenye kidole hutoa mayai, mayai huanguka chini, na watoto wake hukulia ndani ya udongo mkavu uliolegea, sentimita chache tu kutoka juu. Yaani tunafagia kila siku, tunalegeza vumbi, kisha watoto wetu wanacheza hapo bila viatu. Tusidanganyane: nyasi peke yake si dawa ya funza. Sakafu ya ndani inahitaji kusakafiwa au walau kunyunyiziwa maji na kushindiliwa, mbuzi na mbwa nao hubeba funza, na mtoto anahitaji viatu na kuoshwa miguu jioni. Na mwenye funza apelekwe zahanati. Pini moja inayozunguka nyumba nzima huleta pepopunda na maradhi ya damu.

Wapo watakaosema kwamba wazee walifagia kwa sababu ya nyoka. Hilo ni kweli na lina hekima yake. Nyoka hukaa kwenye majani marefu, na panya vilevile. Hatukushauri uache msitu mlangoni. Tunachokizungumzia ni ukoka mfupi, ambao ukikatwa vizuri hata sindano ikianguka utaiona.

Ukoka haununuliwi. Uko kandokando ya barabara, viwanja vya shule, kingo za mashamba. Gunia moja la vipande linatosha uwanja mdogo, na jirani aliyekwisha kupanda atafurahi kukupunguzia unaovamia mboga zake. Wakati wa kupanda ni Novemba, mvua zikishakolea. Anayepanda Aprili anajitafutia kazi ya kubeba ndoo kiangazi chote.

Kwanza ardhi. Ule uwanja ulioshindiliwa kwa miaka na miguu na fagio haupitishi mzizi. Ulime kwa jembe kina cha sentimita 15 hivi, uvunje mabonge, utoe mawe, na zaidi ya yote utoe ndago pamoja na vile vijinundu vyake vya chini, maana kijinundu kimoja ukikiacha utakuwa unang'oa ndago miaka mitatu. Sawazisha kwa reki, ukiacha mteremko mdogo wa kuyaondoa maji mbali na ukuta. Kata vipande vya ukoka vyenye vifundo vitatu au vinne, vifukie viwili chini na ncha ibaki juu, kwa nafasi ya shubiri moja. Kwenye mteremko panga mistari ya kukata mteremko, usiipange ya kwenda nao, la sivyo mvua ya kwanza itakusombea kazi yote. Kanyaga taratibu kila kipande ili udongo ukishike.

Wiki tatu za mwanzo mvua ikikatika siku mbili, mwagilia. Baada ya hapo punguza mara lakini ongeza maji, ili mizizi ishuke kuyafuata. Anayenyunyizia kidogo kidogo kila jioni anailea mizizi ya juu juu, ambayo Juni ikifika haina pa kushika. Weka uzio wa vijiti, kwa sababu mbuzi na kuku ndio maadui wa kwanza, na watoto wakae mbali kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Ukoka ukifika urefu wa kidole cha kati, kata kwa fyekeo kali, lakini usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Watu wengi huparura mpaka chini kwa kudhani wanaongeza usafi, na jua linaumaliza.

Acha ukanda wa hatua moja kandokando ya ukuta bila nyasi wala matandazo, uweke kokoto au vipande vya matofali. Mchwa wa kwetu mnawajua, na tofali la udongo halipendi unyevu.

Sasa maji ya kiangazi. Hapa Mwislamu ana hazina anayoimwaga. Chukua nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita moja na nusu kwa udhu, kwa swala tano. Hiyo ni lita 45 kwa siku, na hata ukitoa wale wanaokaa na udhu mmoja kwa swala mbili, bado ni ndoo zisizopungua moja na nusu. Maji hayo hayana sabuni wala mafuta. Mara nyingi yanamwagika pale pale, yanafanya tope la kudumu, na tope hilo tunalikanyaga tukielekea kuswali! Weka jiwe la kutawadhia, chimba mfereji mdogo, yaelekeze kwenye mpapai, mchaichai au kitalu cha lengalenga. Maji ya kufulia ni jambo jingine. Hayo mwaga kwenye migomba, wala si kwenye mboga za majani.

Kuhusu miti, kosa ninaloliona mara kwa mara ni mche wa parachichi au chungwa kupandwa katikati ya ukoka, na nyasi zikaruhusiwa kufika shinani. Ukoka ni mlaji mkubwa. Mche wa mwaka wa kwanza hauwezi kushindana nao kwa maji wala chakula, utauona umedumaa na majani ya njano, na mwenyewe atasema udongo ni mbaya. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, chana kiriba na ukitoe chote, panda mche usizame kuliko ulivyokuwa kwenye kiriba. Kisha acha duara la mita moja lisilo na nyasi kuuzunguka, ulifunike kwa majani makavu ya migomba, lakini yasiguse shina. Mwembe na mparachichi ipande mbali na nyumba, hatua kumi au zaidi.

Samadi iwe imeoza kweli, miezi mitatu ikiwa imefunikwa, hata ukiishika mkononi inanukia udongo. Mbichi huunguza mizizi, huleta nzi jikoni, na wengi wetu tunaihesabu kuwa ni najisi, basi itakuwaje mtoto aikanyage kisha apande kwenye mkeka wa kuswalia? Kinyesi cha binadamu kisikaribie bustani kabisa, maana safura na minyoo mingine hupita humo. Na anayeshika samadi akiwa na kidonda afunike kidonda hicho. Pepopunda hukaa humo.

Limebaki pingamizi la mbu, nalo ndilo zito, kwa sababu malaria kwetu si mchezo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa kiasi cha asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Kigoma, kiwango kilichoshinda cha mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara. Kwa hiyo watu wakiona mtu anapanda majani mlangoni, wanamwambia anafuga mbu. Lakini mbu wa malaria hazaliwi kwenye jani. Huzaliwa kwenye maji yaliyotuama, na aliyezoeleka zaidi hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani. Ukoka uliokatwa na kusawazishwa hauna dimbwi. Dimbwi liko nyuma ya nyumba, kwenye shimo tulikochimba udongo wa matofali mwaka tulipojenga, ambalo hujaa maji tangu Desemba na hakuna anayelitazama. Katika siku kama kumi tu, yai lililotagwa humo limekuwa mbu anayeruka.

Basi kabla hujagusa ukoka, anza na shimo hilo. Litupie mabua, majani, majivu na takataka za jikoni zinazooza, tabaka kwa tabaka na udongo katikati, lakini plastiki na betri zisiingie. Shindilia mpaka lipite usawa wa ardhi kidogo, kwa sababu litatitia. Mvua za Novemba zikianza, panda hapo migomba mitatu. Lile lisilofukika kwa ukubwa wake, lichimbie mfereji wa kulitoa maji, na mfereji huo uusafishe kila mvua kubwa inapopita.