Tarakilishi Kuukuu za Shule Zisipigwe Mnada Ovyo

Katika shule nyingi za humu nchini kuna chumba ambacho hufunguliwa mara chache. Ndani yake mna madawati yaliyovunjika miguu, mipira iliyotoboka na, kando ya ukuta, tarakilishi zilizorundikwa hadi karibu na dari: viwambo vizito vya kioo, kibodi zilizong'oka vitufe, printa mbovu na betri zilizovimba. Mwalimu mkuu anajua zimo. Bodi ya shule inajua zimo. Mkaguzi wa hesabu anazo katika orodha yake. Hata hivyo, hakuna athubutuye kuzigusa.

Hofu hiyo ina sababu. Mali ya shule ya umma ni mali ya wananchi, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka wa 2015 inataka iondolewe kwa utaratibu maalumu, kupitia kamati. Mwalimu mkuu huona ni afadhali mzigo huo umrithi atakayemfuata kuliko yeye kuulizwa tarakilishi kumi zilikwenda wapi. Basi hukaa humo miaka na mikaka. Siku chumba kinapohitajika kuwa darasa, ndipo mnada huitishwa kwa haraka, na mwenye bei ya juu, aghalabu mfanyabiashara wa vyuma chakavu, huondoka nazo.

Nathubutu kusema kwamba mnada wa namna hiyo ni kosa kubwa, ijapokuwa hufanywa kwa nia njema na stakabadhi zake zikawa safi kabisa.

Hebu tutazame ni kitu gani hasa kinachouzwa. Kioo cha kiwambo cha zamani, kile chenye mgongo, kimechanganywa na madini ya risasi. Viwambo vyembamba vilivyofuata, vingi vyavyo vilimulikwa kwa vijitaa vyenye zebaki. Nyaya ni shaba iliyovikwa plastiki. Vibao vya ndani vina chembe za dhahabu na fedha, lakini vile vya zamani pia vimeunganishwa kwa lehemu yenye risasi. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na hapa hata dhahabu yenyewe imelala pamoja na sumu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu hununua kwa mizani. Anachotaka ni shaba, chuma na alumini, na njia ya mkato ya kuifikia shaba ni moto. Plastiki ya nyaya inapoungua hutoa moshi wenye kemikali za dioksini, ambazo huweza kuleta saratani. Kioo, kwa kuwa hakina soko, huvunjwa na kutupwa mtaroni au jaani. Anayechochea moto huo mara nyingi ni kijana mdogo ambaye hakuelezwa lolote ila bei ya kilo moja. Umri wake ni ule ule wa wanafunzi walionunuliwa tarakilishi hiyo.

Nalo risasi si jambo la kubahatisha. Mnamo mwaka wa 2007, utafiti uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) karibu na jaa la Dandora, Nairobi, ambako hutupwa taka za kila aina, ulipima damu ya watoto 328. Karibu nusu yao walikuwa na risasi iliyofikia au kupita kiwango cha tahadhari cha wakati huo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari. Mwaka wa 2020 mahakama iliamua walipwe Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu. Madini haya huudhuru ubongo wa mtoto unaokua, yakampunguzia uwezo wa kujifunza na wa kutulia darasani. Chombo tulichokileta kunoa akili za watoto kinaishia kuzififiza akili za watoto wengine.

Kuna watakaosema kwamba shule ni maskini, na kwamba shilingi elfu chache za mnada hununua chaki na karatasi. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kampuni yenye leseni ya kuchakata taka hizi huenda isilipe chochote kwa viwambo vya kioo, au hata ikadai malipo. Lakini fedha za mnada hulipwa na yule kijana wa motoni, kwa mapafu na damu yake. Isitoshe, sheria ile ile ya 2015 haisemi kwamba mnada ndiyo njia pekee. Inaruhusu mali kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, na inaruhusu kilichokwisha kabisa kiondolewe kama taka kwa utaratibu unaofaa. Kamati inayochagua njia hiyo haijavunja sheria.

Nini basi kifanywe? Kwanza, shule isiachwe peke yake. Shule ya Turkana au Tana River haiwezi kusafirisha viwambo kumi hadi Nairobi. Wizara ya Elimu na serikali za kaunti zinaweza kupanga siku moja kila mwaka ambapo lori lililoidhinishwa na NEMA litakusanya vifaa vya shule zote za kaunti ndogo, na stakabadhi itolewe kwa ajili ya mkaguzi.

Pili, swali la mwisho wa kifaa liulizwe siku kinapopokewa. Shirika la Computers for Schools Kenya, ambalo tangu mwaka wa 2002 limegawia shule nyingi tarakilishi zilizokwisha kutumika, lilitambua jambo hilo, na kutokana nalo kikazaliwa kituo cha kuchakata taka za kielektroniki jijini Nairobi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 nayo imewatwika watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hata zinapokuwa taka. Tangu mwaka wa 2016 serikali imepeleka vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Navyo vitachakaa, pamoja na betri zake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, somo la tarakilishi lisiishie kwenye kibodi. Mwanafunzi afunzwe kutengeneza kinachotengenezeka, kutenga betri na taka nyingine, kufuta kumbukumbu zenye majina na alama za wenzake kabla mashine haijaondoka, na kutovunja kioo cha kiwambo.

Walimu, fungueni chumba kile muhula huu. Hesabuni kilichomo, kisha kabla ya kumwita dalali, iulizeni kamati yenu swali moja: mwenye kununua vitu hivi atavipeleka wapi?