Mwamuzi Mwenye Kuogopa Hawezi Kukata Haki



Kila mara mwenzetu anapokamatwa, swali la kwanza lenye linatoka ni hili: «Dosye iko kwa nani?» Hatuulizi sheria inasema nini. Tunauliza jina la mwamuzi, tunauliza nani anamujua, nani anaweza kumupigia simu. Ile swali peke yake inaonyesha ugonjwa wa inchi yetu. Na mara mingi hata mwamuzi mwenyewe hana neno: hukumu inakuwa imeisha kufika ku simu mbele avoka hajafungua kinywa.

Tumezoea kusema waamuzi wote wanakula matabishi. Wako wenye kula, tunawajua, na hatutawatetea. Lakini wako wengine wenye tunapaswa kuwasikiliza, juu yale waliyopitia yanatuonyesha mahali haki inakufia.

Lubumbashi, tarehe 22 Juni 2016. Tribinali ya amani ilimuhukumu Moïse Katumbi miaka 3 ya gereza juu ya dosye ya nyumba. Yeye hakukuwa pale. Alikuwa ameisha kutangaza kwamba atagombea uraisi. Wiki chache nyuma, mkubwa wa ile tribinali, mwamuzi Chantal Ramazani Wazuri, aliandika barua: alisema alilazimishwa kutia sahihi, na kwamba watu wa usalama walikuwa ndani ya hii mambo. Serikali ilikana. Yeye alikimbia inchi. Maaskofu wa CENCO walipoangalia ile dosye, nao waliona ilikuwa mchezo, haikukuwa kesi.

Kinshasa, Mei 2020. Mwamuzi Raphaël Yanyi alikuwa anaongoza kesi ya Vital Kamerhe, mkurugenzi wa kabine ya raisi, juu ya franga za programu ya siku 100. Kesi ilifunguliwa tarehe 11 Mei ndani ya gereza la Makala, na inchi nzima iliifuata ku televizyo. Kwa mara ya kwanza, mama muuza makala na mwanafunzi wa iniversite waliona kwa macho yao namna mukubwa anaulizwa maswali na anapaswa kujibu. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Mei, mwamuzi Yanyi alikufa. Kwanza walisema ni moyo. Katikati ya Juni, waziri wa haki akatangaza kwamba madaktari wenye walipasua maiti waliona alipigwa ku kichwa. Siku chache tu nyuma, tarehe 20 Juni, kesi ilikatwa: miaka 20 ya kazi ngumu. Miaka miwili ikapita, Kamerhe akaachiliwa na korti ya rufaa, akarudi ku kazi kubwa za serikali. Na mwamuzi? Familia yake na inchi wangali wanangojea kujua nani alimuua.

Muangalie hizi dosye mbili pamoja. Raisi wa 2016 si raisi wa 2020. Washitakiwa si watu wa kambi moja. Kati yenu wenye munasoma hapa, wako wenye kumupenda mumoja na kumuchukia mwingine. Lakini kitu kimoja kinabakia: mutu mwenye kuvaa ile nguo ya mwamuzi alikuwa peke yake. Raisi akibadilika na mwamuzi akibakia peke yake, hakuna kitu kimebadilika.

Na ndio maana tunasema: haki haipimwe siku rafiki yetu anaachiliwa. Inapimwa siku mutu mwenye hatumupendi anasimama mbele ya tribinali. Je, alipewa avoka? Avoka aliona dosye? Alipewa nafasi ya kujibu? Kama tunapiga makofi wakati adui yetu anahukumiwa bila kusikilizwa, tunafundisha wakubwa namna ya kutuhukumu sisi kesho.

Sheria haikosekane. Katiba iko wazi. Kifungu cha 17: kila mutu anahesabiwa hana kosa paka hukumu ya mwisho. Cha 20: tribinali inakata kesi mbele ya watu wote, isipokuwa pale inaonekana kuwa ni hatari kwa usalama wa watu wote ao kwa tabia njema. Cha 21: hukumu inaandikwa, inaonyesha sababu, inasomwa mbele ya watu. Cha 150: mwamuzi yuko chini ya sheria peke yake. Cha 151: serikali haiwezi kumuamuru mwamuzi. Kwa hiyo kila simu ya mukubwa kwa mwamuzi ni kuvunja Katiba, hata kama ile mukubwa anaiita «shauri».

Tunajua pia namna njia nyingine inafungua mulango huohuo. Tangu état de siège ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, raia walipelekwa mbele ya tribinali za kijeshi. Pale mwamuzi ana cheo, na juu ya cheo chake kuna cheo kingine. Mwalimu, muuza unga, kijana mwenye alibeba karato ya kuomba amani: hawa si askari. Wapelekwe mbele ya waamuzi wa raia.

Kwa hiyo tunadai:

Moja. Majibu ya uchunguzi juu ya kifo cha mwamuzi Raphaël Yanyi yawekwe wazi, na wenye kosa wahukumiwe, kwa haki ileile yenye yeye alipaswa kuilinda.

Mbili. Baraza kuu la waamuzi limulinde kila mwamuzi mwenye kusema alilazimishwa, na limuadhibu kila mwenye kukubali kuamuriwa.

Tatu. Mushahara na ulinzi wa waamuzi visitegemee huruma ya mukubwa yeyote.

Na nyinyi, wenzetu, kazi yenu haiko ku serikali tu. Kifungu cha 20 ni chenu. Muende ku tribinali ya karibu na kwenu, hata siku hakuna mutu mwenye munajua. Mukae kimya, muzime telefone, muandike: kesi ilianza saa ngapi, nani aliongea, nani alikatazwa, sababu gani zilisomwa. Musilipe franga yoyote ku mulango. Mwamuzi mwenye kuona sala imejaa vijana wenye kuandika anajua kwamba hayuko peke yake. Na ile mwenye alikula matabishi anajua pia kwamba anaonwa.