Ada ya Miezi Isiyo na Mazoezi

Najua nimepotea hapa barazani, lakini leo kuna jambo limenikaa kooni.

Juzi kwenye klabu yetu ya karate hapa chuoni kulizuka ubishi. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulitupeleka nyumbani na mazoezi yakasimama. Sasa mwalimu anaomba angalau nusu ya ada ya kipindi kile. Jamaa mmoja akasimama: "Hatukufunzwa kitu, tulipie nini?" Karibu wote wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza, maana maneno hayo nimeshawahi kuyasema mwenyewe.

Machi 2020 nilikuwa kidato cha pili, nina mkanda wa kijani katika dojo moja mtaani kwetu Nairobi. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13. Kabla mwezi haujaisha shule zimefungwa na kafyu inaanza saa moja jioni. Darasa letu lilianza saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo hata mlango ungeachwa wazi, nani angefika?

Sensei hakukata tamaa. Kila Jumanne na Alhamisi alitutumia video za kata kwa WhatsApp. Kata unaweza kuifanya peke yako, hata sebuleni huku ukigonga makochi. Lakini kumite ni ya watu wawili, na huwezi kujifunza kukwepa ngumi kwenye kioo cha simu. Wiki ya tano nikachoka. Mama aliponiuliza kama atume ile elfu moja ya mwezi kwa M-Pesa, nikamjibu, "Ya nini, na hatufundishwi?" Kazi ya Mama haikuwa imeguswa. Pesa ilikuwepo. Hapo ndipo panaponiuma.

Tulikuwa wanafunzi kama arobaini. Hakuna aliyepanga njama, kila mmoja aliangalia elfu yake tu. Kodi ya ukumbi nayo haikusimama. Sensei akauza mikeka, kisha mifuko ya kupigia ngumi, na Agosti akarudisha funguo kwa mwenye nyumba. Mimi nilirudi shuleni Januari 2021. Machi 26 mwaka huo, michezo ikasimamishwa tena Nairobi. Karate ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Tokyo, Agosti 2021, niliitazama kwenye runinga. Ukumbi wetu ulikuwa tayari stoo ya magodoro.

Sasa jamani, tuambiane ukweli. "Hakuna huduma, hakuna malipo" ni hoja safi ukiwa dukani. Usiponunua sukari leo, kesho duka lipo. Dojo ndogo haina wateja wengine wa kuibeba. Ile ada hailipii saa moja ya jasho peke yake, inalipia pia mlango uwepo siku utakaporudi. Tena kila darasa tunaanza kwa kumwinamia mwalimu. Heshima gani hiyo ya kuinama halafu unamwacha apambane na kodi peke yake?

Najua kuna waliokuwa wamefutwa kazi, na wapo makomredi leo wanaolala bila chajio. Hao wasiombwe hata shilingi. Lakini ndiyo sababu hasa sisi tunaoweza tusijifiche nyuma yao.

Desemba nilikutana na Sensei. Siku hizi anafunza watoto Jumamosi kwenye uwanja wa nyasi, mvua ikinyesha hakuna darasa. Hakunikumbusha lolote, aliniuliza tu kama bado nafanya kata. Nilishindwa kumtazama usoni.

Nusu yangu nimeshaituma kwa mwalimu wa hapa chuoni. Ijumaa klabu inakutana, na safari hii sitanyamaza. Wewe ungekuwa mimi, ungelipa?

Haya, wacha nikimbie darasani. Tuonane panapo majaliwa.