DENI LA ALIYESOMESHWA

Wako ndugu wasemao ya kuwa kumlazimisha raia kwenda kambini kulitumikia taifa ni kumnyima uhuru wake. Wasema kazi hiyo waachiwe wenye hiari. Maneno haya ni matamu, lakini sisi twayapinga.

Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa tarehe 10 Julai, 1963, halikumlazimisha mtu. Mwaka 1966 ndipo Serikali ilipotaka wasomi nao waende: miaka miwili, sehemu yake kambini, na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Je, wasomi walijibu nini? Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu, wengine wamevaa majoho yao, na bango moja likasema ukoloni ulikuwa afadhali. Mtu aliyesomeshwa kwa pamba ya Usukuma na mkonge wa Tanga anamwambia mkulima kwamba mkoloni alikuwa afadhali! Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, nasi twaona alifanya sawa.

Lakini tuseme kweli. Katika makelele yale lilikuwamo neno la haki: kwa nini wakatwe wao tu, na mishahara minono ya wakubwa iachwe? Mwalimu hakulikwepa neno hilo. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakapunguziwa yao. Tangu hapo hakuna kijana aliyeweza kusema kwamba anabebeshwa mzigo ambao aliyemtwisha haujui uzito wake.

Sasa tutazame ya siku hizi. Ulazima ulisitishwa mwaka 1994, ukarudishwa 2013 kwa waliomaliza kidato cha sita. Mwaka huo hata baadhi ya Wabunge walivaa kombati wakaenda, nasi tukafurahi. Lakini kambi hazikuwatosha vijana wote. Wengine waliitwa, wengine wakapita moja kwa moja chuoni. Na katika miaka hii ya karibuni, aliyeitwa kwa mujibu wa sheria amekuwa akikaa miezi mitatu, hali kijana wa kujitolea hukaa miaka miwili. Huyu wa pili ndiye alimaye, ndiye achanganyaye saruji. Ukuta wa Mirerani wa kilomita 24.5, uliofunguliwa 2018, umejengwa na mikono ya Jeshi hilo. Na Aprili 2021 vijana 854 wa kujitolea waliondolewa kambini kwa kugoma na kuandamana wakidai ajira jeshini.

Hatutetei mgomo kambini. Amri ya jeshi ni amri. Lakini angalieni, ndugu: mwaka 1966 waliandamana walioshiba elimu ili wasitumike, na mwaka 2021 wakaandamana waliokwisha kutumika, wakitafuta riziki.

Hiari gani hiyo basi? Kijana asiye na kazi wala mtaji hujitolea kwa kuwa hana mlango mwingine. Mtoto wa mkubwa ana milango kumi. Tukiiachia hiari, jembe litabaki mkononi mwa kabwela siku zote. Na tangu 2022 ada imeondolewa hata kidato cha tano na cha sita. Ni jambo jema sana, lakini nani alipaye? Ni mama muuza vitumbua, atoaye kodi kila anunuapo sukari na mafuta. Huyo ndiye amdaiye msomi.

Kwa hiyo twasema ulazima ubaki, na muda uongezwe. Katika miezi mitatu kijana hujua kwata na kufyeka, akarudi nyumbani hajajenga hata choo cha zahanati. Msamaha apewe mgonjwa tu, kwa cheti cha daktari wa Serikali, wala si kwa simu ya mjomba. Na majina ya watoto wa Mawaziri, Wabunge na viongozi wa Chama hiki walioitwa yabandikwe kila mwaka katika mlango wa ofisi ya Chama ya wilaya, pamoja na kambi waliyokwenda, ili mwanachama yeyote apitaye asome mwenyewe.